Pazia la Nguo za Mume Wangu

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa masika, na kabla sijamaliza eda, Operesheni ya kuhamia vijijini ikatukuta. Watu wakiniuliza nilijisikiaje miezi ile, huwa nawaambia nilikuwa nashona. Wengine hudhani nakwepa swali, lakini sina jibu jingine.

Alikuwa kibarua wa gangi ya reli, wale waliokuwa wakikaza mataruma na kuzibua mitaro kutoka Kilosa kupanda kuelekea Kidete. Alirudi nyumbani siku ya mapumziko akiwa na homa. Kesho yake majirani wakamlaza kwenye machela ya miti, wakaondoka naye kwenda hospitali ya Kilosa. Hawakufika. Nilipowaona wanarudi kwa njia ileile, wanatembea taratibu, hawabadilishani mabega tena kwa haraka, nilijua. Nikaingia jikoni kuepua maharage yasiungue. Nakumbuka nilitafuta kitambaa cha kushikia sufuria, nikakikunja vizuri.

Msibani wanawake walilia, mimi nikawa nawatazama. Sikuwa jasiri. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake mpaka ukafa ganzi. Anauona ni wake, anaugusa, lakini haumjibu.

Tulikuwa tunaishi watatu tu shambani, huko ndani Masanze, mbali na barabara: mama mkwe wangu, mwanawe na mimi. Mtoto tulikuwa hatujapata. Mimi si mtu wa pale. Nimezaliwa milimani, upande wa Berega, nikasoma misheni miaka michache ambako tulifundishwa sindano na kutarizi, kisha nikaolewa bondeni na kusilimu. Kwa hiyo eda niliifahamu kwa kuiona kwa wengine. Mama mkwe aliniwekea mkeka chumba cha nyuma, akanivisha shuka jeupe, akaniambia sitatoka wala sitajipamba mpaka muda utimie. Nikakaa. Ukuta ulikuwa na ufa unaofanana na njia ya siafu. Niliutazama asubuhi, nikautazama jioni.

Siku moja aliingia na sanduku la mbao la mwanawe, akalitua mbele yangu, akatoa nguo moja moja. Koti zito la kazi, la buluu, lenye madoa ya grisi ambayo sabuni ilishindwa. Suruali mbili za kaki. Mashati. Kanzu ya Idi. Msuli uliokwisha katikati. Juu yake akaweka wembe na sindano.

"Shona," akasema.

"Nishone nini, Mama?"

"Chochote kinachokaa ndani ya nyumba. Pazia, foronya, tandiko. Wewe ulifundishwa, mimi sikufundishwa."

Nilimkumbusha kwamba nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na kwamba shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hajaja kuzichukua. Alikuwa Mikumi, kwenye kambi ya vibarua wa barabara, na habari za msiba zilimfikia tumeshazika.

"Atakuja, tutasema naye," alijibu. "Sasa hivi mikono yako inanitisha. Tangu tuzike inakwangua mkeka tu. Mkeka wenyewe umekwisha."

Nilitazama chini nikaona kweli. Pale nilipokuwa naweka mikono, ukili ulikuwa umechambuka.

Nikaanza na suruali. Nilifumua mishono kwa wembe, nikakata sehemu nzima, zilizochakaa nikaweka kando za kujazia mto. Uzi haukuwepo. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti, siku nyingine viberiti peke yake. Mama mkwe alikuwa akikaa mlangoni na gunia kuukuu la unga wa njano, ule wa msaada, anachomoa nyuzi na kuzizungusha kwenye kigunzi. Mimi napiga bandi, napindisha, naunganisha kaki na buluu, buluu na nyeupe ya kanzu. Sikuwa na mchoro wowote. Nilichukua kipande kilichokuwa karibu na mkono nikakiunga na kilichotangulia. Mfuko wa koti niliuacha ulivyo kwa sababu kuufumua ni kazi.

Unaweza kudhani nilikuwa nazinusa zile nguo, nazikumbatia. Hapana. Mama mkwe ndiye alikuwa akishika kipande, akikiweka shavuni anapodhani sioni. Mimi niliona nguo. Nilitaka mistari inyooke.

Kazi ilikua mpaka ikawa pana kuliko mlango, ikawa pana kuliko kitanda, nami nikaendelea kuunga kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache.

Operesheni tulikuwa tumeisikia zamani. Wa Mvumi walishahama, walituambia waliopita kuuza ulezi. Hata hivyo siku lori lilipokuja kusimama mwisho wa njia, mama mkwe alikuwa hajafunga chochote. Alikuja balozi wa nyumba kumi, mtu tuliyemfahamu, pamoja na vijana wa mgambo. Nilimsikia kutoka chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ndiyo hivyo, mama. Leo ni zamu ya upande huu. Kijiji kiko barabarani kule, njia ya Mikumi. Kiwanja chako kimepimwa."

"Nina mwanamke wa eda ndani," akasema mama mkwe. "Hatoki."

Mgambo mmoja akaanza kusema kitu, balozi akamkatiza. Wakamtuma mtu kwa mwalimu wa madrasa kuuliza. Jibu likaja kwamba penye dharura mjane anaweza kuhamishwa, ila huko aendako astiriwe.

Mama mkwe aliingia, akanifunika kichwa na uso kwa khanga zake, akanishika mkono kama kipofu. Nilitoka kwenye nyumba ile bila kuiona. Nilisikia miti ya paa inang'olewa, kuku wanapiga kelele, watu wanaulizana kinu kiko wapi. Nilipakiwa nyuma ya lori juu ya magunia ya mahindi, furushi la kushona nikiwa nimelikalia. Mama mkwe alilia njia nzima; ndiyo nyumba aliyozalia watoto wake. Mimi nilihesabu, kwa mtikisiko, kila shimo tulilopita, halafu nikaacha.

Huko barabarani kulikuwa na viwanja vilivyonyooshwa kwa kamba na majani mabichi yaliyofyekwa. Kiwanja chetu kilikuwa na nguzo zimesimamishwa, fito zimefungwa, paa limeezekwa nusu. Kuta hakuna. Ukisimama upande huu unamwona jirani wa upande ule anakoroga uji.

"Astiriwe," mama mkwe akasema peke yake. "Astiriwe na nini?"

Akafungua furushi langu. Akalitandaza chini, nami nikiwa nimejifunika nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akaita mwanamke wa jirani, wakapanda kwenye vigogo, wakalifunga pazia lile kwenye fito za kona ya ndani, kutoka nguzo hadi nguzo. Pale palipopungua wakaongeza shuka na mikeka. Wakanivua khanga usoni. Nikajikuta nimekaa kwenye kichumba cha kaki, buluu na nyeupe.

Nikaishi humo. Upepo ukija, kuta zilivimba na kurudi. Jua likipiga, nyuzi za gunia zilionekana zote, na makosa yangu ya mishono. Niliyahesabu makosa, nikayarekebisha nikiwa ndani, bila kulishusha pazia. Magari ya kwenda Mikumi yalipopita, mfuko wa koti ulijaa vumbi, nami asubuhi nikawa naukung'uta. Hiyo ikawa kazi yangu ya asubuhi.

Siku chache baadaye balozi alirudi. Alisimama nje, akakohoa.

"Mama, kuna wakubwa wanakuja kutoka Kilosa kukagua nyumba. Hicho kitambaa hakitakubalika. Wanataka kuta."

"Nami nataka kuta," akajibu mama mkwe. "Nipe wanaume."

"Wanaume wako shamba la kijiji."

"Basi waambie hao wakubwa waje, wamkute mjane uwanjani."

Balozi akaondoka. Nilidhani atarudi na mgambo. Kesho yake, badala ya mgambo, walikuja wanawake, wengi wao sikuwajua, wameruhusiwa kuacha shamba la kijiji nusu siku. Walichimba udongo kandokando ya kiwanja, wakaukanyaga kwa miguu, wakaanza kukandika. Pazia hawakulishusha, kwa ajili yangu. Kwa hiyo ukuta ulipanda nyuma yake, nami nikiwa ndani. Niliona kitambaa kinasukumwa na viganja vya watu upande wa pili, kiganja hapa, kiganja pale, vinapita na kuondoka. Udongo mbichi uliloanisha koti la buluu likawa jeusi. Walikuwa wanaimba. Kichumba kikawa baridi na giza, kikanuka mvua. Wakamaliza, wakaenda zao, na sikumwona hata mmoja uso.

Shemeji alifika ukuta ukiwa bado haujakauka vizuri. Nilisikia salamu zake, nikamsikia anapewa maji, anapewa pole, analia kwa sauti ya chini. Halafu akauliza, kama ilivyo haki yake, "Mama, vitu vya kaka viko wapi? Nataka lile koti la kazi. Tulilinunua pamoja."

"Liko ndani."

"Litolewe basi."

"Haliwezi kutoka. Liko kwenye pazia."

Hakuelewa. Mama mkwe akaniambia nijifunike, akamwita kwenye mlango wa kichumba, akamwonyesha. Alisogea karibu na kitambaa. Mimi nilikuwa kona, khanga usoni, natazama miguu yake yenye lami iliyokauka kwenye kucha.

"Mmelikata," akasema.

"Mimi ndiye niliyemwambia akate," alijibu mama yake. "Kama lawama, nilaumu mimi."

"Hukungoja hata nije? Mimi si mtoto wako?"

Hapo akanyoosha mkono, akashika ule mfuko, akavuta. Bandi za nyuzi za gunia hazikuwa imara. Nilisikia mshono wa kwanza unaachia, wa pili, wa tatu. Nilijua ilinipasa kusema neno. Nilifungua mdomo nikasema jambo moja tu lililokuwa kichwani:

"Shemeji, ukivuta hivyo utachana kitambaa. Chukua wembe, ufumue."

Nilisema kwa sauti ileile ambayo ningemwambia asisahau kufunga mlango. Aliuachia mfuko kama umemuunguza. Akanitazama pale kona, rundo la khanga, kisha akamtazama mama yake.

"Yuko hivi tangu lini?"

"Tangu siku ile," mama mkwe akasema.

Alitoka nje. Nilidhani ameondoka na hasira zake kurudi Mikumi. Mchana nikasikia panga linakata mianzi. Alikaa siku mbili akitengeneza mlango wa mbele, akaupachika kwa kamba za katani, akatengeneza na fremu ya dirisha. Alipokuwa anaaga alisema kutoka nje ya pazia, "Shemeji, udongo ukikauka lishushe, lifue, ulirudishe. Usiache kuvu ilile." Koti hakulitaja tena. Nami nikaitikia, "Haya." Mfuko niliushonea tena mahali pake baada ya yeye kwenda, kwa uzi maradufu.

Eda ilipomalizika, wanawake walinipeleka mtoni, wakaniosha, wakanivisha khanga mpya iliyopatikana kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Nilirudi nikatembea kijijini kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa pale miezi bila kujua kuwa mbele yetu kuna shule inajengwa na kuwa mti mkubwa niliousikia ukivuma ni mkuyu. Mama mkwe aliniambia niko huru, nikitaka kurudi kwetu Berega atanisindikiza mpaka stendi. Nikamwambia nitaona. Jioni nikaenda kuchota maji, na kesho yake nikaenda tena, na hakuna aliyerudia swali.

Pazia tulilishusha, tukalifua. Likawa linatenganisha chumba cha mbele na cha kulala. Wageni walikuwa wakiingia, wanalishika, wanaligeuza kuona mishono. Nguo mpya zilikuwa adimu, na katika nyumba zile mpya za udongo kila mtu alitaka kitu cha kuficha kitanda. Wakaanza kuniletea: magauni yaliyopauka, sare za shule zilizobana, mashati yaliyokwisha kola. Tukawa tunakutana barazani kwetu baada ya kazi za shamba la kijiji, wanawake wanne watano. Niliwaonyesha kupiga bandi, kupindisha, kutarizi ua dogo mahali penye tundu ili lisionekane. Tulijaza mito sufi. Walikuwa wanazungumza sana. Mimi nilisema inapobidi: kata hapa, geuza, vuta taratibu.

Mmoja wao, mama wa jirani aliyesaidia kufunga pazia siku ile tulipohamia, alileta suruali ya mumewe, bugaluu, ile yenye miguu mipana chini, ambayo vijana wa chama walikuwa wamemkataza kuivaa hadharani. Tukafumua mguu mmoja, tukautandaza mkekani. Ukaenea. Tukatoa foronya mbili nzima na kitambaa cha meza, na bado kikabaki kipande.

Yule mama alikaa akaitazama foronya, akautazama mguu wa pili uliokuwa haujaguswa.

"Jamani," akasema polepole, "kumbe mwaka mzima mimi nimeolewa na hema."

Nilicheka. Sauti ilinitoka kabla sijajua kuwa ni yangu, ikanishtua, nikaziba mdomo kwa kitambaa nilichokuwa nashona. Wengine walikuwa wanacheka pia, kwa hiyo hakuna aliyenitazama isipokuwa mama mkwe. Alikuwa kando anapepeta maharage. Ungo ulisimama hewani. Kisha akaendelea kupepeta.