Waziri wa Mbaazi

Nilipochaguliwa kuwa waziri wa chakula katika serikali ya wanafunzi, chuoni kwetu Nachingwea, nilifanya kosa la kumpigia simu baba siku hiyo hiyo. Nilimweleza vizuri kabisa kwamba ni wizara ya wanafunzi, kazi yake inaanzia jikoni na kuishia bwaloni. Baba alisikia neno moja tu. Ijumaa iliyofuata watu wa kijijini kwetu Chinongwe walitoka msikitini wakijua kwamba binti yake ni waziri, na jioni yake mzee jirani akaomba simu ya baba, akaniuliza barabara yao itachongwa lini.

Kampeni yangu ilikuwa fupi: wali kila Jumapili, na maharage yasiyo na mawe. Nilishinda kwa kishindo, maana mwenye njaa hana miiko, wala hana chama. Lakini kabla muhula haujafika katikati, maharage yakapanda bei, chuo kikaona mbaazi zimejaa sokoni, na bwaloni ikawa ugali kwa mbaazi mchana, mbaazi kwa ugali usiku. Hata wali wa Jumapili ulikuja na mbaazi zake. Wakaanza kuniita Waziri wa Mbaazi, halafu wakaona jina refu, nikawa Mbaazi tu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Wa kwanza kuniita hivyo nilimfokea mpaka akakimbia sahani yake.

Na kusema kweli mbaazi zenyewe zilikuwa mbaya. Mpishi wetu alikuwa kaka mpole kutoka mikoa ya kaskazini, fundi hasa wa maharage, na mbaazi alizipika kama maharage. Zikawa zinatoka na uchungu wake wote. Ila kilichoniudhi kuliko uchungu ni wenzangu. Chuo kimejaa watoto wa Nachingwea na Ruangwa, kwao mbaazi zimepandwa mpaka karibu na mlango wa nyumba, lakini ukikaa nao bwaloni, kila mmoja amelelewa kwa wali na kuku. Kiongozi wa bweni la wavulana, ambaye kwao Mtua mbaazi ndiyo mboga ya kila siku, alizigeuza kwa kijiko akaniuliza, "Mheshimiwa, hivi vitu hivi vinaitwaje?"

Ndiye huyo aliyeleta hoja ya kuning'oa. Baraza la wanafunzi likaitishwa alasiri, humo humo bwaloni, ajenda moja: waziri wa chakula apigiwe kura, abaki au aondoke. Cheo chenyewe kilikuwa kimeshanichosha. Niliyemfikiria ni baba. Nilimwona akitoka msikitini bila waziri, na wale waliomwamkia kwa heshima wakimuuliza kulikoni. Watu wa kwetu hawana haraka ya kusahau.

Mtoa hoja alisimama akamwaga maneno matamu. Alisema yeye kabla ya kufika chuoni hakuwahi kuziona mbaazi kwa macho yake, tumbo lake limegoma, na serikali isiyosikia kilio cha wananchi haifai. Makofi yakapigwa. Akanogewa.

"Na jiko lenyewe hovyo!" akapaza sauti. "Wanachemsha mara moja tu, maji ya kwanza hawamwagi! Karanga hawatwangi! Sasa mbaazi bila karanga, jamani, ndiyo nini?"

Kisha msichana mmoja akauliza kutoka nyuma, taratibu, "Kaka, wewe umejuaje?"

Njia ya mwongo ni fupi. Kicheko kilichofuata sijakisikia tena popote. Mwenyewe alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka mpaka akakaa chini. Nikapanda juu ya benchi nikauliza nani hapa kwao hawapiki mbaazi. Ikanyooshwa mikono michache, na mmoja ukashushwa na rafiki wa mwenye mkono. Hapo nikapendekeza mtoa hoja awe naibu wangu, kituo chake cha kazi jikoni. Hoja ikafia hapo, hata kura haikupigwa. Kesho yake naibu na mpishi walimwaga maji ya kwanza, wakatwanga karanga, na wale waliolelewa kwa kuku wakarudi kuomba nyongeza.

Baba sikumwambia hata chembe. Siku ya mahafali alikuja na kofia mpya na furushi la mbaazi za shambani kwake, kana kwamba sisi tulikuwa na upungufu. Nilipoitwa kupokea zawadi ya mwanafunzi bora wa somo la takwimu, ukumbi ukalipuka: "Mbaazi! Mbaazi!" Nilifurahi mpaka macho yakanilowa. Nikamtafuta baba. Alikuwa amekaa tu, amekunja uso, hapigi makofi.

Tulipotoka nje akanivuta kando. "Mwanangu, hawa mbona hawakukuita waziri?"

"Ndiyo wizara yenyewe hiyo, baba. Nilikuwa nasimamia mbaazi."

"Mbaazi hizi?" Akaliinua furushi.

"Hizo hizo."

Akalishusha chini.

"Kumbe! Basi mimi ni waziri tangu kabla sijamwoa mama yako."

Akaiweka kofia yake sawa, akalibeba furushi, akaenda kumsalimia mkuu wa chuo.