Mguu wa Mgeni wa Walikale

Nilijifunza kukanda nyayo kwa sababu sikuweza kuona damu. Wazazi wangu, wakulima wa maharagwe na viazi kwenye vilima vya Masisi, walinipeleka dispanseri ya misioni nikawasaidie masera, wale watawa wa kike, wakitumaini nitarudi nyumbani nikiwa muganga. Siku ya kwanza nilishikilia sahani wakati anfirmie, muuguzi wa dispanseri, anapasua jipu. Sahani ilianguka, nami nikaifuata. Tangu hapo anfirmie, mwanamume wa maneno machache, aliniita "ule wa kuanguka".

Masera mmoja alinionea huruma. Alikuwa ametoka likizo kwao Ulaya na karatasi yenye picha ya nyayo mbili, zimegawanywa kama mashamba: vidoleni ni kichwa, katikati ni tumbo, kisiginoni ni kiuno.

"Dawa ni kazi ya anfirmie," aliniambia. "Sisi tunamsaidia mgonjwa apumzike. Usimwambie mtu hata mmoja kwamba utamponyesha."

Nilijifunzia kwenye miguu yake mwenyewe, laini kama ndizi mbivu. Kidole gumba cha mkono kinatembea kama kiwavi: kinajikunja, kinasonga, kinajikunja tena. Baada ya majuma mawili nikajiona fundi.

Halafu ikaja miguu ya watu wetu, ambayo haijawahi kuona kiatu. Jirani yetu mmoja, aliyepanda na kushuka vilima maisha yake yote na mizigo ya viazi, alikuwa na nyayo ngumu kiasi kwamba kidole changu kiliteleza juu yake kama mvua juu ya jiwe. Nilisukuma mpaka jasho likanitoka puani.

"Umeshaanza?" aliniuliza kwa upole.

Karatasi ya masera haikusema lolote juu ya nyayo za namna hiyo. Nikajifunza mwenyewe kuziloweka kwanza katika maji ya moto yenye chumvi. Nikajifunza pia kukaa pembeni, kwa sababu mwalimu wa dini, mtu mzima mwenye heshima zake, alitekenyeka akanipiga teke la kidevu, akaniomba msamaha huku bado anacheka.

Asubuhi moja, mvua ilipokatika, aliingia mama mnene mwenye kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka Walikale kwa miguu, siku nne katika msitu na matope. Akakaa kwenye benchi, akatia miguu katika beseni langu na kushusha pumzi ndefu. Nikaanza na mguu wa kuume. Naye akaanza kuzungumza.

"Mutoto wangu njo ule anatengeneza mabenchi ya kanisa hapa misioni. Anataka kuoa binti wa huku. Nimekuja kumuona mbele ya kukubali. Wanasema mabinti wa Masisi hawajue kutwanga majani ya sombe."

Kidole changu kilisimama. Fundi wa mabenchi aliyetoka Walikale alikuwa mmoja tu, na binti aliyemtaka alikuwa mimi.

"Na huyo binti iko namna gani, Mama?" niliuliza, nikimtazama kisigino.

"Sijue. Ati iko na huruma mingi. Akiona damu anaanguka."

Nikauchukua mguu wa kushoto. Ulikuwa umevimba, na juu ya kifundo ulikuwa na joto kama sufuria. Masera alikuwa amenikataza kabisa kukanda mguu wa namna hiyo. Lakini huyu alikuwa mama mkwe wangu, kama angenikubali, na neno langu la kwanza kwake lingekuwa la kumkatalia!

"Mama, huu siukandi. Anfirmie auone kwanza."

"Nimetembea siku ine, mutoto ananikatalia? Kanda!"

"Hapana, Mama. Unisamehe."

Nikamwita anfirmie. Alikuta mwiba wa msituni umezama, na nyama imeoza kuuzunguka. Alipoleta kisu, nilishika mguu mwingine nikaukanda polepole, macho yangu yamebandikwa kwenye kidole changu gumba. Mama alipumua vizuri, hakulia. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka nilipotazama mara moja tu.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, na yule mama ameniinamia, kisu kimeshawekwa kando.

"Njo wewe, ule binti wa kuanguka!" alisema, akacheka mpaka benchi likatikisika.

Alibaki siku kadhaa kwa ajili ya sindano. Kila mchana nilimkanda mguu usio na kidonda, naye akanionyesha jinsi kwao wanavyowakanda wawindaji wakitoka porini: kwa ngumi na mafuta ya mawese, si kwa kidole. Masera alikuja kujifunza, akatoa mguu wake. Mama aliugeuza, akautazama juu na chini.

"Huu bado haujatembea," alisema. Masera alicheka kuliko sisi sote.

Mimi na yule fundi wa mabenchi tulifunga ndoa baada ya mavuno, nikahamia Walikale. Wanawake walikuja kwangu wakitoka shambani. Wenye homa na vidonda niliwatuma kwanza dispanseri, hata waliponinunia. Waliobaki niliwakanda, mara kwa ngumi, mara kwa kidole. Wengine walisinzia kabla sijamaliza mguu wa kwanza, nami sikuwaamsha.