Maua Kwenye Zizi la Nduwayezu

Bibi Esteri hunusa chai kabla ya kuinywa, hata ile aliyoipika mwenyewe. Kuku wake wote wana uzi mwekundu mguuni, choo chake kina kufuli, na akienda sokoni hufagia uwanja kinyumenyume mpaka njiani, ili akirudi asome nyayo za waliopita. Kanisani sala ikianza, sisi tunafumba macho yote mawili, yeye anafumba moja. "Kikulacho ki nguoni mwako," hupenda kusema, na akiisema hutuangalia sisi majirani.

Hapa Makere mimi ndiye jirani yake wa karibu kuliko wote, kwa hiyo unaweza kukisia chawa mwenyewe ni nani.

Simlaumu sana. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, mwaka ule wa sabini na mbili, na amekua akiambiwa kwamba alipo si kwao. Akaolewa na Nduwayezu, mtoto wa wakimbizi kama yeye. Baba mkwe wangu, mzee Bukuru, ndiye aliyewamegea kipande cha ardhi wajenge, na baina ya kwao na kwetu ukapandwa ua wa minyaa. Uraia walikuja kuupata baadaye sana. Hata leo cheti chake amekificha mahali ambapo mwanawe Reverien, aliyehamia Kigoma, hapajui. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mtu mmoja tu Bibi Esteri hakuwahi kumshuku, naye ni Nduwayezu. Alichosema Nduwayezu kilikuwa kimekwisha. Alipofariki alizikwa palepale kwao, chini ya migomba, karibu na ile minyaa yetu, na kaburi likasakafiwa kwa saruji na kusimikwa msalaba. Kila alasiri mjane wake hukaa pale na kumsimulia marehemu washukiwa wa siku hiyo: nani kapita njiani akitazama sana, nani kamsalimia kwa kucheka mno. Mimi nikiwa jikoni kwangu, upande wa pili wa minyaa, nasikia jina langu likipita. Nimeshazoea.

Kwake yeye kaburi lile lilikuwa zaidi ya kaburi. "Mahali ulipozika ndipo kwenu," alizoea kuniambia. "Atakayetaka kunitoa hapa aje kwanza amfukue Nduwayezu."

Baada ya msiba aliuza mbuzi, na zizi lililokuwa katikati ya nyumba na kaburi likaoza, nguzo zake zikawa kuni. Mvua za Oktoba zilipoanza, kabla hata hatujamaliza kupanda maharage, nilisikia akiniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Mama Dadi! Njoo hapa, upesi!"

Nikazunguka. Pale palipokuwa na zizi yalikuwa yamechomoza mabua manene, yaliyo uchi, bila jani hata moja, na juu ya kila bua maua makubwa kama tarumbeta, mekundu ya kuelekea rangi ya chungwa. Yalipendeza, sitasema uongo. Lakini hayakuwa yametawanyika kama magugu. Yalisimama kwenye mstari, kutoka kwenye mparachichi hadi mferejini, yamenyooka kabisa.

"Umeyapanda lini?" akaniuliza.

"Sijayapanda mimi, Bibi."

"Yamejipanda? Yakajipanga?"

Huku kwetu mpaka wa shamba hupandwa, hauandikwi, na mtu mjanja anaweza kuanza na mche mmoja. Nikatazama mstari ule nikaona alichokiona yeye. Kama maua yale yalikuwa mpaka, basi migomba yake mizuri kuliko yote ilikuwa upande wangu. Kaburi nalo lilikuwa upande wangu.

"Unamtaka Nduwayezu," akasema. "Unataka mume wangu alale kwako."

"Bibi, mume wangu mmoja ananitosha kwa kukoroma!"

Hakucheka. Akasema atanipeleka baraza la kata, lakini kwanza atalijua ua lile ni ua gani, maana akilijua jina atajua limetoka bustani ya nani. Alianzia kwangu. Alikagua mpaka nyuma ya choo, na asipoona ua hata moja, akasema nimeyang'oa kuficha ushahidi. Niliudhika, nikaingia ndani nikafunga mlango kwa kishindo ili asikie.

Kisha akaanza kuuliza watu. Alikata ua moja, akalifunika kwa kitenge, akawa analifunua kidogo tu, kama mtu anayeonyesha jino bovu. Wa kwanza alikuwa Apoline, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayeuza sabuni sokoni kwetu.

"Aa, hii nalijua, mama," Apoline akasema. "Kwetu Fizi ilikuwa mingi ku misheni. Jina lake ndiyo sikumbuke."

"Umelijuaje?" Bibi Esteri akadaka. "Nani alikutuma ulilete?"

Maskini Apoline aliacha biashara, akaapa kwa majina ya watoto wake wote. Habari hiyo ilitembea kuliko redio. Kufikia jioni, Makere nzima haikuwa imewahi kuliona ua la aina ile. Hata mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa ameanza kusema ni ua la Pasaka, akakumbuka kwamba macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Ikabaki Kasulu mjini, ofisi ya kilimo. Na tulikwenda wawili. Usidhani alinitaka kwa mazungumzo. "Twende wote," aliniambia, "nikikuacha hapa nitakuta umepanda na mahindi."

Asubuhi ya safari alichimba shina moja zima alipeleke. Nilikuwa nimesimama upande wangu nikimtazama juu ya minyaa. Alichimba, akachimba tena, mpaka mkono ukazama kwenye kiwiko, na lile tunguu lilipotoka lilikuwa kubwa kuliko kitunguu chochote cha sokoni, limezaa na vitoto pembeni. Halafu nikamwona anaokota kitu kutoka chini kabisa ya shimo. Akakitazama, akanigeukia ghafla, akanipa mgongo na kukifunga kwenye pindo la kitenge chake. Njia nzima mpaka Kasulu mkono wake mmoja ulishika ndoo ya ua, mwingine ulishika pindo lile.

Bibi shamba aliyetupokea aliitwa Firdausi, dada mpole, mwenyeji wa Kasulu hiihii. Alilifunua ua, akatabasamu.

"Amarilisi," akasema. "Watu wengi hudhani ni yungiyungi, lakini si lenyewe, ni la ukoo mwingine. Hutoa ua kwanza, majani baadaye. Umelitoa wapi, bibi?"

"Ninauliza mimi," Bibi Esteri akasema. "Linaletwa na upepo?"

"Hapana. Hili ni ua la bustani. Huku hupandwa na mtu."

Bibi Esteri akanigeukia.

"Amelipanda mwaka huu," akasema, akininyooshea kidole. "Huyu hapa."

Firdausi akaligeuza tunguu, akahesabu vitoto vyake kwa kidole, akapima kwa mkono ile shingo ndefu iliyokuwa imefukiwa ardhini. "Mwaka huu? Bibi yangu, hili lina umri mkubwa. Likipandwa changa hukaa miaka kadhaa bila kuchanua, huzaa polepole, na kadiri linavyokaa linajivuta chini. Limekaa miaka mingi sana hapo. Juu yake palikuwa na nini?"

"Zizi la mbuzi."

"Basi mbuzi walikuwa wakikanyaga na kutafuna kila kilichochomoza. Tunguu likabaki linapumua tu huko chini. Mmetoa mbuzi, limepata mbolea na mvua, likafurahi."

Bibi Esteri alishika pindo lake. Nikajua kuna kitu kinamsumbua. Taratibu akafungua pindo la kitenge, akamwaga mezani vipande vya makaa na gae la chungu.

"Na huu uchawi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Vilikuwa chini yake. Kama si ubaya, ni nini?"

Kumbe njia nzima alikuwa akidhani ameketi na mchawi wake. Lakini Firdausi hakushtuka.

"Babu yangu naye alifukia makaa," akasema. "Makaa hayaozi. Minyaa mtu anaweza kuikata akaipanda kwingine, lakini nani atahamisha makaa asiyoyajua? Wazee waliweka mpaka juu, halafu wakauweka tena chini. Mzee wenu aliyeweka mpaka huu aliongeza na maua."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza. Nilitamani asimalize.

Bibi Esteri akaniuliza bila kunitazama, "Mzee Bukuru ujana wake alifanya kazi wapi?"

"Kibondo, Bibi."

"Kazi gani?"

"Bustani. Bustani ya misheni."

Akaokota makaa yake, kipande kimoja kimoja, akayafunga tena. "Zizi lilijengwa na Nduwayezu," akasema. "Mwaka ule aliokufa Bukuru, mume wako akiwa bado mtoto. Minyaa pia aliipanda upya, akaniambia ile ya zamani imekufa kwa mchwa." Kisha akasimama, akamshukuru Firdausi kwa adabu zote, tukatoka.

Kwenye basi la kurudi alikumbatia pindo lile. Mimi nasema wazi kwamba sikufurahi. Kwa miaka yote nimeitwa mwizi kupitia minyaa, na siku ile nilipopewa haki yangu, nilitamani kuitupa dirishani.

Asubuhi nilisikia panga. Nikatoka mbio. Bibi Esteri alikuwa amejifunga khanga usoni utomvu usimwingie machoni, anakata minyaa, na matawi aliyoyakata alikuwa anayachomeka upya kwenye mstari wa maua. Alikuwa ameshafika usawa wa kaburi.

"Bibi, acha!" nikamwambia. "Hakuna aliyekudai. Migomba kula wewe."

"Mpaka ni mpaka."

"Basi pinda hapo. Zungusha kona, kaburi libaki kwako. Mimi sitaki."

"Oya," akasema, hapana ile ya Kiha isiyo na mjadala. Akachomeka tawi jingine, akalikanyagia udongo kwa kisigino. "Nduwayezu alikitaka kipande hiki. Alikitaka kuliko alivyotaka kuniambia ukweli. Basi na akilalie."

Aliendelea mpaka mferejini. Alipomaliza alikuwa upande wake, na Nduwayezu na saruji yake na msalaba wake alikuwa upande wangu. Hapo ndipo alipokaa chini katikati ya maua, akalia kwa sauti, kama tulivyomsikia siku ya msiba, labda zaidi.

Nikarudi jikoni, nikamletea chai. Aliishika, akainusa kwanza, kwa muda mrefu.

"Umetia tangawizi," akasema.

"Ego, Bibi," nikakubali.

Akanywa. "Yako nimeinusa miaka yote hii, Mama Dadi. Yake sikuinusa hata mara moja."

Siku hizi akitaka kupalilia kaburi inabidi apite kwangu. Anapiga hodi, mtu ambaye hajawahi kumwomba mtu njia. Anang'oa nyasi, anafuta msalaba kwa khanga, lakini hamwambii Nduwayezu kitu. Akimaliza anakuja kukaa barazani kwangu, ananusa chai, kisha ananitajia mimi washukiwa wake wa wiki. Juzi walikuwa watatu, na mmoja wao nilikuwa mimi.