Aliyeanguka Hupanda Tena

Lutgard Claerhout aliogopa kila Jumatano. Mchana wa siku hiyo watoto wa mji wa Ghent, Ubelgiji, hawana shule, na wengine huletwa kwake kujifunza sarakasi katika kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Ungemsikia anavyowapigia kelele usingemdhania mwoga. Lakini kila mtoto alipokanyaga bega la mwenzake, macho ya Lutgard yalitafuta godoro kwanza, mtoto baadaye.

Majuma ya mwanzo alifundisha kuanguka tu: kukunja kidevu, kulegea, kuviringika. Wazazi walinung'unika. "Wangu anaanguka bure nyumbani," baba mmoja alisema. "Hapa nalipia nini?"

Joris, mwenye shule hiyo ya sarakasi, aliijua biashara. Siku ya wazazi alitaka mnara wa watu.

"Ghorofa tatu, Lutgard. Nani atakuja kutazama watoto wanagaagaa?"

"Mbili."

"Tatu, na hayo maanguko yako sikukatazi."

Alikubali, huku akijua amepunjwa.

Siku ikafika. Febe, kitoto chepesi chenye pengo mdomoni, akapanda juu kabisa. Mbebaji wa chini alikuwa Wannes. Abebaye hutazama mbele, hata nyumba iwake moto. Lakini bibi yake, aliyekaa kati ya watazamaji, aliinua simu akaita, "Wannes, kipenzi cha bibi! Geuka nikupige picha!"

Wannes akageuka. Lutgard akaliona bega likishuka, akapaza sauti.

"Achieni!"

Mnara ukamwagika. Watoto wakaviringika magodoroni, videvu vimekunjwa, wote wazima. Febe alikaa palepale akitetemeka.

Joris akaja mbio, akanong'ona. "Mpandishe tena. Aliyeanguka hupanda kabla jasho halijakauka. Wewe umezaliwa kwenye hema la sarakasi, nikufundishe mimi?"

Lutgard aliijua sana sheria hiyo. Alipoanguka utotoni, baba yake alimrudisha kwenye bembea ya juu vivyo hivyo, angali analia. Akapanda, akapigiwa makofi, na miaka yote iliyofuata alitapika nyuma ya pazia kabla ya kila onyesho. Watu wakamwita jasiri.

Akachuchumaa. "Febe, mama, unataka kupanda?"

"Wote wananingoja."

"Sikuulizi habari zao."

"Sitaki." Machozi yakamlenga. "Naogopa."

"Basi hupandi."

"Atapanda mwingine," Joris akasema, akiwatabasamia wazazi. "Yule mwembamba pale."

"Hapandi mtu."

"Nusu ya hawa hawarudi Jumatano!"

"Wasirudi."

Kwenye viti vya nyuma mama mmoja alikuwa tayari anamvalisha mwanawe koti. Lutgard alitaka kusimama aseme neno la kuwatuliza. Badala yake akajikuta chini, kando ya Febe.

Mtoto akamtazama kwa mashaka. "Mwalimu, na wewe umeanguka?"

"Nimekaa."

"Mbona unatetemeka?"

"Nyamaza, mwanangu. Tukae kwanza."