Papa Alivyomjibu Mtu wa Redio

Nikipita karibu na mashine ya kukoboa mpunga siku ya mvua, harufu ya pumba zilizolowa hunifikia kabla ya kelele za mashine, na mguu wangu wa kulia huanza kuuma ingawa hauna ugonjwa wowote. Mnisamehe kwa kuanza na harufu isiyopendeza. Ulingo ambao baba yangu alivunjikia mguu, pale Kamembe, ulitandikwa magunia ya pumba kutoka Bugarama, juu yake turubai kuukuu la lori, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha.

Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alikuwa mwanamieleka. Kwetu mchezo ule wa jukwaani uliitwa kachi. Siku za kazi alichomelea mageti. Jumapili alikuwa Chui wa Nyungwe. Alizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, akarudi Rwanda vita na mauaji vilipokwisha, akiwa na mke, mtoto mmoja ambaye ndiye mimi, na mapenzi ya nchi ambayo Maman, mama yangu, alisema yamepita kipimo. Bendera mpya ilipotoka, ya buluu, njano na kijani, alimtaka Maman amshonee joho la rangi hizo kabla hata shule yetu haijapandisha ya kwake. Kabla ya kila pambano alisimama katikati ya ulingo, mkono kifuani, akaimba wimbo mpya wa taifa. Nusu ya maneno alikuwa hajayashika bado, kwa hiyo hapo aliguna kwa sauti kubwa zaidi.

Mpinzani wake aliyejaza watu kuliko wote alikuwa Bisimwa, Mkongomani wa Bukavu. Ng'ambo kulikuwa na vita, na askari wetu walikuwa huko; watu waliokuja kutazama walikuja na hasira zao za vita. Hawakujua kwamba Bisimwa ni rafiki wa Papa tangu utoto, wala kwamba kila pambano lilipangwa. Asubuhi alivuka daraja la Rusizi, akapanda hadi kwetu Mururu, wakafanya mazoezi nyuma ya nyumba, juu ya mabua ya maharage, mimi nikiwahesabia. Bisimwa alipombeba Papa juu ya kichwa alimminya kifundo cha mkono mara mbili, na hapo Papa alijua anatupwa, ajigeuze aangukie mgongo. Maman alinionya kwamba siku nitakayoitoa siri ile tutalala njaa. Sikuitoa hata kwa padri kwenye kitubio.

Jumapili ile niliomba nimfunge Papa vitambaa vya mikononi, vya rangi za bendera. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka rangi zetu zionekane hadi safu ya mwisho, basi nikazungusha, nikazungusha tena, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Papa alitikisa mikono akasema ni minene kidogo. Nikamwambia amependeza sana. Akaniacha.

Bisimwa akamwinua. Nilikuwa mbele kabisa, nikaona vidole vyake vikiminya mara mbili, nikaona pia kwamba Papa hajasikia kitu. Aliangukia mguu. Mlio wake sitauelezea. Bisimwa akapiga magoti amshike, na watu wakadhani anammalizia. Chupa zikaanza kuruka. Waandaaji walimtoa Bisimwa kwa gari la mizigo, lakini vijana walikuwa wameshakaa njiani kuelekea darajani wakimngoja, hivyo wakamleta kwetu. Siku mbili alijificha katika chumba changu, akila kidogo sana kwa mtu wa mwili ule.

Jumanne Papa alirudi kutoka hospitali na plasta hadi pajani. Mchana uleule akafika mtu wa redio na mashine yake ya kaseti, na nyuma yake vijana wapata arobaini wa Kamembe, wakajaa uani. Maman alinisimamisha kwenye mlango wa chumba changu, akaninong'oneza nisiondoke hapo hata nyumba ikiungua. Nyuma ya pazia nilisikia Bisimwa akipumua.

Mtu wa redio alimsifu Papa kwa kuipigania nchi, kisha akauliza, kwa Kiswahili chetu cha mpakani: "Ule Mukongomani alikuvunja makusudi?"

Neno moja tu, na pazia lile lisingemsaidia mtu.

"Hapana," alisema. "Bisimwa hana kosa. Kachi yetu tunapangaka, siye babili. Alinikamata mukono mara mbili, njo alama yetu. Sikusikia, juu nilikuwa nimefunga bitambaa binene sana. Nilijifunga miye mwenyewe."

Mtu mmoja akacheka. Papa akaendelea. "Kule ngambo balikuwa banatuita Banyarwanda, banatutupia mawe. Nilikuja huku juu hii ni inchi yangu, ninaipenda. Sasa mutupie mutu mawe mu jina ya inchi hii? Miye siwezi." Akalia mbele ya watu wote, mashine ikizunguka. Sikuwahi kumwona akilia kabla.

Vijana waliondoka wawili wawili, wengine wakitema mate. Wasingelipa tena kumwona Chui, na hakika hawakulipa. Jua lilipopungua Maman alimsindikiza Bisimwa hadi darajani, amembebea mfuko wake, na hakuna aliyewagusa. Shuleni nikaitwa mtoto wa mwongo kwa muhula mzima.

Lakini niwaambie ukweli: kilichoniuma si hicho. Mahojiano yalipotangazwa nilikaza sikio tena, labda siku ile jina langu lilinipita, lakini Papa alisema vilevile kwamba amejifunga mwenyewe. Kazi yangu nzuri namna ile! Nilimnunia wiki kadhaa, nikakataa hata kumpelekea maji ya kunawa. Alijikongoja kuyafuata mwenyewe kwa gongo lake.

Miaka ikapita, nikazaa, na siku moja nikamchokoza kwa jambo hilo, nikicheka, kwamba alininyima sifa redioni. Yeye hakucheka.

"Batu makumi ine balikuwa mu lupango," alisema, akionyesha uani kwa mkono, "na bamoja balikuwa na mawe mu mukono. Ningetaja jina yako?"

Muda ule wote nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiwatazama watu wale nyuso zao tu; mikono yao sikuiangalia.