Jozi ya Kopa Niliyoiba Ras Mkumbi

Niliiba mchana kweupe, nina saumu, na niliyemwibia akaniombea dua.

Msinitolee macho. Ngojeni niseme.

Serikali ya Mdachi inakaa Chole, na mimi Mfaume kazi yangu kuwasha taa ya kuongozea meli, mnara wa Ras Mkumbi. Tulikuwa watatu: mimi, Abeid mtu wa Jibondo, na mzee Ghalib, mkubwa wetu wa kazi. Amri ya Mdachi ilikuwa wawili wabaki mnarani, mmoja tu aende kwao.

Na Idi ilikuwa imebaki siku nne.

Jamani, nilikuwa situlii. Napanda mnara, nashuka. Nafuta kioo nilichokwisha kukifuta. Nakaa, nasimama. Mzee Ghalib akaniuliza kama nimekanyaga siafu.

Mke wangu Mwanahalima alikuwa kwetu Utende, mimba imetimia. Mtoto wetu wa kwanza alimfia mikononi. Nilipokuwa naondoka alinishika kanzu akasema, "Mfaume, safari hii usiniache peke yangu. Nitakufa kwa hofu."

Nikamwapia kuwa nitakuwapo.

Mtasema, si ungemwambia mzee Ghalib? Thubutu! Kwetu mimba haitangazwi. Ukiitangaza tu, kijicho hiki hapa. Na mimi nilikwisha kuzika mtoto mmoja. Nikafunga mdomo wangu.

Alasiri moja, koo zimekauka, mzee Ghalib akatandika jamvi. Ramadhani ile kila siku tulingojea futari kwa karata.

"Haya wanangu, leo tucheze jozi. Atakayeshinda ndiye aendaye kwao. Mimi sifichi, nataka pilau ya mke wangu."

Abeid akasema, "Na mimi nataka kwenda."

Basi. Hakuongeza neno.

Mchezo wenyewe mwepesi. Kila mtu karata kumi, na kila mzunguko mwenye karata kubwa anakula. Kabla hamjaanza, kila mmoja anataja atakula mara ngapi. Aliyetaja nyingi ndiye anayechagua turufu, na akizifikisha ameshinda. Ila ukiwa na mfalme na bibi wa jamii moja, hiyo ndiyo jozi, unahesabiwa umekwisha kula mara mbili.

Zamu ya kugawa ikawa yangu.

Nachanganya, namwona mfalme wa kopa. Nyuma yake bibi wa kopa. Mzee Ghalib anasinzia, Abeid anatazama kusini, upande wa Jibondo, macho hayabanduki huko. Nikawasukuma wote wawili chini kabisa, na za chini nikajigawia mimi.

Na saumu yangu, wallahi.

"Nne," akasema mzee Ghalib.

"Sita!" Abeid, upesi mno.

"Saba," nikasema. "Turufu kopa." Nikaonyesha jozi yangu.

Abeid uso ukamshuka. "Jozi? Mara hii?"

"Bahati, bwana."

Alicheza kwa hasira siku ile, sijapata kumwona vile. Anabamiza karata hata jamvi linatoa vumbi. Mimi nikamkasirikia moyoni: huyu naye, hana mke, hana mtoto, anakimbilia nini Jibondo?

Nikala ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikagoma. Tumebaki na karata moja moja. Abeid akatupa ree ya shupaza, karata kubwa kabisa. Mimi nikaikata kwa bibi wa kopa.

Tano na mbili, saba.

Abeid akainuka, akaenda zake ufukweni. Futari ile hakuigusa.

Alfajiri nikashika njia. Siku mbili kwa miguu, sikumbuki nilikula nini. Nikafika Utende, na Idi pili uchungu ukamshika Mwanahalima. Wanaume hatuingii, nimekaa kiambazani. Kila akizidiwa anaita kutoka ndani, "Upo?"

"Nipo!"

"Upo?"

"Nipo, mke wangu, nipo!"

Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, analia mpaka majirani wakacheka. Nililia na mimi, sioni haya kusema.

Nikarudi mnarani na halua kwenye kikapu, nimejaa furaha. Mzee Ghalib kakaa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia umpe pole mwenzio."

Idi tatu wavuvi walileta habari kutoka Jibondo. Mama yake Abeid amefariki. Alikuwa akimwita mwanawe mpaka sauti ikaisha.

"Alikuwa hajiwezi tangu mfungo kuanza," Abeid akasema, hanitazami. "Nilishindwa kutamka, Mfaume. Ukisema mama yako anakufa, umemchuria."

Mzee Ghalib akajipiga paja. "Na mimi na pilau yangu! Mngeniambia, ningewaruhusu mwende wote wawili! Taa hii nimeiwasha peke yangu mwaka mzima kabla yenu. Amri gani? Mdachi yuko Chole, atajua nini?"

Nikafungua mdomo niseme ya karata. Abeid akaniwahi.

"Nawe, kulikuwa na nini kwenu?"

"Mke wangu kajifungua. Mtoto wa kike."

Akanishika bega. "Mungu amkuze, aje akuzike wewe, usimzike yeye. Afadhali karata zilimpa mwenye haja."

Nikaufunga mdomo.

Kwa hiyo nawaambieni: mkiwa na haja, semeni. Msiogope kijicho wala kuchuria, semeni kwa mwenzenu kabla hamjamdhulumu. Na mkishamdhulumu, semeni siku ileile, maana kesho yake ni ngumu zaidi.

Binti yangu sasa anatembea. Abeid anamwita mama, anampakata, anamletea ushanga kila Idi.

Haya yote nimewaambia ninyi. Yeye bado sijamwambia.