Nilifunga Mpira Mwembamba Mwenyewe, Lawama Nikampa Fundi Apio

Jamani, kosa ni langu. Si la fundi, si la gari, wala msimsingizie shetani. Ni langu mimi na kiburi changu, na leo nalitoa hapa mbele yenu kwa sababu limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Majina ya watu nimeyabadilisha. Langu silitaji kabisa, maana Tororo ni mji mdogo na watu wake wanapenda kucheka!

Mimi ni mtu wa Mwello. Nina pikapu ya zamani niliyoachiwa na marehemu baba. Nabeba nayo mihogo na mahindi, na siku za soko nawapeleka akina mama Nagongera na mizigo yao. Ilikuwa ya petroli. Injini yake ilipokufa, nikapata injini ya dizeli iliyotumika huko upande wa Kenya, tukaivusha hapo Busia, nzima kabisa.

Kazi ya kuifunga nikampa Fundi Apio. Huyu ni mama wa makamo, ana gereji yake kando ya barabara Tororo. Wenye malori wanamfuata, wenye trekta wanamfuata, hata mashine za kusaga unga anatengeneza.

Siku ya kwanza tu aliniambia, "Mzee, hii paipu ya petroli natoa yote. Ni nyembamba. Dizeli inataka mafuta mingi, na ile inabaki inarudi kwa tanki. Naweka milimita nane ya kwenda, na ingine nane ya kurudi."

"Sita haitoshi?" nikauliza. Nilikuwa nimetazama video mbili kwenye simu, basi nikajiona injinia!

Akanitazama. "Mzee, wewe ukikaa kwa chungu ya pombe ya ajono, wakupe mrija mwembamba, wengine wote wako na minene, utakunywa nini?"

Gereji nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka, lakini moyoni nikanuna.

Akafunga kazi yake, gari likawaka, likapanda, likashuka. Raha tupu! Ningeishia hapo, nisingekuwa naandika haya leo.

Siku moja dereva mwenzangu, Okoth, aliinama stendi akachungulia chini ya pikapu yangu. Mpira wa mafuta alioufunga Apio ulikuwa mweusi, wa kawaida tu. Okoth akapaza sauti, "Ndugu, huu si mpira wa kumwagilia sukuma wiki?"

Wakacheka mpaka wauza ndizi. Aibu hiyo ilinitafuna! Nikaenda duka la spea Busia, nikaona mpira umening'inia, umesukwa kwa waya wa rangi ya fedha, unang'aa kama mkufu. Nikatoa rula ya mtoto, nikapima. Unene ule ule wa mpira wa Apio!

Mwenye duka akaniuliza, "Unataka wa ngapi ndani?"

"Wewe nipe," nikamjibu. "Mpira ni mpira."

Ole wangu! Nilipima ngozi ya nje. Tundu la ndani sikulitazama. Nje ulikuwa mnene kama wa Apio, ndani tundu lake lilikuwa la milimita tano.

Jumapili baada ya kanisa nikalala chini ya gari, nikafungua mpira wa Apio, ule wa kwenda, nikautupa nyuma ya banda la mbuzi. Ule mpya ukagoma kuingia kwenye mdomo wa filta. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini unagoma. Mimi nilichukua chupa ya chai ya mke wangu, nikalowesha ncha za mpira ndani ya maji ya moto mpaka zikalegea, nikazisukuma kwa nguvu, nikakaza klipu. Jioni mke wangu akamimina chai, akanusa. "Baba Toto, hii chai inanuka dizeli!" Nikasema labda ni majani ya siku hizi.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri tu. Nikatamba.

Sasa sikieni. Mke wangu ni Msamia wa Masafu. Kaka yake, shemeji yangu Wandera, alikuwa anakwenda kutoa mahari kwa wakwe zake Nagongera. Nani awabebe wazee na zawadi? Mimi! Tukapakia makreti ya soda, mifuko ya sukari, mbuzi wawili, mashangazi wanne. Na mama mkwe wangu mwenyewe.

Mnajua heshima ya mkwe huku kwetu. Mimi na yeye hatukai pamoja, hatushikani mikono, hata kutazamana usoni ni mwiko. Kwa hiyo Wandera alikaa mbele na mimi, na mama mkwe akakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, amevaa gauni lake la gomesi ya manjano, amegeuza uso kutazama tulikotoka. Ameketi kama malkia.

Tukapita Tororo. Mbele kidogo tukaanza kupanda kilima, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Gari likakohoa. Nikakanyaga mafuta. Likakohoa tena, likatetemeka, likazima. Tukangoja kidogo, likawaka, likapanda hatua kumi, likazima!

"Shemeji," Wandera akasema akitazama saa, "wale watu wanatungoja."

Mashangazi wakashuka kusukuma. Hawakutosha. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe ikisema, "Wandera, mwambie mwenye gari asitazame nyuma."

Jamani! Yule mama alishuka, akageuka, akaweka mgongo wake kwenye gari ili asinione, akaanza kusukuma kinyumenyume. Mimi nimekaza macho mbele kama sanamu, jasho linanitoka. Ghafla mafuta yakafika, injini ikanguruma, gari likaruka mbele. Nyuma nikasikia kishindo na mashangazi wakipiga yowe. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye matope, gomesi ya manjano imekuwa ya kahawia mpaka kiunoni.

Tulifika Nagongera tumechelewa kabisa, na mama wa bwana harusi amefungwa leso ya kuazima. Wenyeji waliinama kuficha vicheko.

Mashangazi wakauliza, "Gari hili lina nini?"

Hapo ndipo nilipolikoroga. Nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ni yule fundi mwanamke wa Tororo. Hajui kazi."

Kesho yake nikaenda gerejini kwake, moto juu, nikapiga kelele mbele ya watu kama kumi. Apio alifuta mikono, akaingia chini ya gari, akatoka.

"Mzee," akasema polepole, "hii mpira si yangu."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Neno moja tu! Nikasema, "Ndio huo huo ulioufunga wewe. Usinifanye mjinga."

Mwenye lori moja, mteja wake wa miaka mingi, akamwita dereva wake. Wakaondoa lori lao palepale, hata halijaguswa. Apio alilitazama likitoka, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Nilipofika nyumbani nikauokota ule mpira mweusi nyuma ya banda la mbuzi. Nikaupuliza kwa mdomo. Hewa ikapita, fuuu! Nikafungua ule unaong'aa, nikaupuliza. Mashavu yakavimba kama ya chura. Nikajua. Nikarudisha ule mweusi, na kilima kile kile gari likapanda kama halijabeba kitu.

Gari likapona, lakini mdomo wangu ukafungwa. Wiki tatu nilinyamaza!

Kumbe mama mkwe ana mashine ya kusaga unga hapo Masafu, nayo ni ya dizeli. Ikaharibika. Mke wangu akampigia simu. "Mama, mwite Fundi Apio, anaziweza sana hizo." Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia jibu lote. "Yule aliyenikalisha kwenye matope? Mkwe wangu mwenyewe alisema hajui kazi. Heri tule mihogo!"

Basi wanawake wa pale wakawa wanabeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali. Siku moja mke wangu akaniambia shangazi yake mmoja, mwenye mguu mbovu, ameanguka njiani na debe lake, mahindi yote yamemwagika kwenye mtaro.

Nikamwambia mke wangu yote, mpira, rula, chupa ya chai. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika.

"Na yule fundi, mama wa watu?" akauliza. "Ulimwacha hivyo?"

Kesho yake nikaenda kwa Apio na mpira ule unaong'aa mkononi. Nikakiri. Akauchukua, akaweka jicho kwenye tundu, akaniangalia.

"Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukubishana na mimi?"

"Mzee, mwanamke akibishana na mwanaume kwa gereji, watu wataamini nani?"



Nikamwomba aende Masafu kutengeneza mashine. Akakataa. "Naenda kama mama mwenyewe ameniita. Siendi kwa nyumba ya mtu anasema mimi ni mwongo."

Kwa hiyo ikabidi nikaungame kwa mkwe! Na nitaungamaje kwa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Mama mkwe alikaa ndani ya chumba cha mashine. Mimi nilisimama nje, nimeupa mlango mgongo, nazungumza na migomba. Wandera alisimama mlangoni katikati yetu. Na wanawake wenye ndoo za mahindi wakajaa kusikiliza, bila shaka!

"Shemeji, mwambie Mama kwamba mpira niliubadilisha mimi."

"Mama, anasema mpira aliubadilisha yeye."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," sauti ikatoka ndani. "Muulize, kwa nini?"

"Kwa sababu ule mwingine ulikuwa unang'aa," nikasema.

Hata Wandera hakuthubutu kurudia. Kisha mama mkwe akasema, "Muulize kama na mke wake alimchagua hivyo."

Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakaweka ndoo chini. Nikataka ardhi inimeze! Lakini hakuwa amemaliza. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwambie amenifanya nimtukane mtu ambaye hajanikosea. Hiyo ndiyo inaniuma. Matope yalifuliwa yakatoka."

Siku hiyo hiyo alimpigia Apio simu yeye mwenyewe, akamwomba radhi, akamwita. Apio akaja kesho yake, mashine ikanguruma kabla ya saa sita. Mimi wazee walinitoza mbuzi wa kumsafisha mkwe, na nilimtoa kwa moyo mmoja. Stendi sasa jina langu ni Rula. Hayo nayavumilia.

Lakini yule mwenye lori hakurudi. Nilimfuata, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, akasema ameshapata fundi mwingine, amemzoea. Apio nilipompa habari hiyo aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kukaza nati.

Ewe unayebadilisha injini ya gari la zamani, nisikilize! Pima tundu la ndani, unene wa nje usikudanganye. Injini kubwa haishibi kwa paipu ya injini ndogo, na njia ya kurudi nayo ni njia, usiibane. Fundi akikwambia nane, ni nane.

Na ukikosea, sema hapo hapo, mbele ya watu wale wale, kabla hawajatawanyika. Gerejini siku ile tulikuwa kama kumi. Mpaka leo nimewapata sita tu.